Daftari la Waliosikia

Mama Paskazia,

Shikamoo. Najua marehemu haamkiwi. Hata mayu, mama yangu, amenicheka aliponiona nimekaa na kalamu, akauliza, "Minza, hiyo barua utaipeleka posta gani?" Nimemjibu kwamba posta naijua mwenyewe. Miaka minne nilikuamkia kila nilipofika kwako Mkuyuni, na leo siwezi kukurukia na maneno kana kwamba sikulelewa.

Nimekaa nje ya nyumba. Jua limeanza kupoa na akina mama wanageuza dagaa juu ya miamba. Nimekuja kukujibu swali lako. Siku ile hospitalini ulinishika mkono ukauliza, "Holo je? Yuko hai?" Nikasema yuko hai, tena nikakukataza kuongea sana. Nilikudanganya, Mama. Si kwamba alikuwa amekufa, ila sikujua. Wiki mbili nzima nilikuwa mjini kando ya kitanda chako, na Holo, jirani yangu wa nyumba ya tatu, nilimwacha kwa mume wake na mkono umefungwa kwenye kanga. Ukaondoka na jibu ambalo hata mimi mwenyewe sikuliamini. Hilo limenikaa kifuani muda wote huu. Leo ninalo jibu la kweli, ila nitakuletea kwa mpangilio, kwa sababu ulikuwa hupendi kuletewa habari mkia mbele.

Tangu tukusindikize bandarini na ndugu zako wakupakie kwenye meli ya Bukoba, mvua zimenyesha misimu miwili. Chumba chako cha Mkuyuni anakaa mpwa wako. Migomba yako minne ya uani haijafa, na mmoja umezaa mkungu wenye vidole vya kuhesabika. Nililetewa chane moja. Nikapika kama ulivyonifundisha, nikala, nikasema moyoni kwamba Wahaya mna subira, kukaa na chakula kisichoshika tumboni hata mpaka saa saba. Usikasirike. Wewe ndiye uliyesema ugali wetu Wasukuma ungefaa kujengea ghala la pamba.

Sukari haipatikani, sabuni ndiyo usiulize. Duka la ushirika lilileta vitenge siku moja, foleni ikafika kisimani, na wa nyuma wakarudi na habari tu. Hayo unayajua. Nataka nikueleze la daftari.

Wakati mwingine nakaa nakumbuka lilivyoanza, na huwa nacheka kabla sijahuzunika. Ulikuwa muuguzi na mkunga wa zahanati hadi ukastaafu. Watu walitegemea urudi kwenu ukalime kahawa. Wewe ukanunua daftari la mistari, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma, ukapanda basi ukaja kijijini kwetu kutafuta mtu anayejua Kisukuma na Kiswahili na kuandika. Wakakuletea mimi, mwalimu wa kisomo cha watu wazima, mwenye la saba na maringo mengi. Nilidhani unataka habari za chanjo. Ukaniambia kwamba zahanati uliyofanya kazi ilikuwa na sababu moja tu ya wanawake walioletwa wameumizwa au wamekufa: ameanguka. Ameanguka kisimani. Ameanguka jikoni. Ameanguka kwenye jiwe. Kisha ukaniuliza, uso mkavu kabisa, "Hivi Minza, wanaume wa huku wanatembeaje? Mbona wao hawaanguki?"



Ulitaka kuandika kila mwanamke aliyeuawa katika vijiji vyetu vya kandokando ya ziwa, yule aliyeuawa na mume, na shemeji, na watu waliosema ni mchawi. Kila mmoja ukurasa wake. Jina. Umri wa kukadiria. Alikuwa kwa nani. Nani alimwosha. Aliyemwosha aliona nini. Hapo ndipo nilipojua kwamba una akili, kwa sababu hukwenda kwa balozi wa nyumba kumi wala kwa mwenyekiti. Wao wangekuambia ameanguka. Ulikwenda kwa wanawake waliomwosha marehemu. Anayeosha huona shingo, huona mbavu, huona kisogo, na hakuna anayemuuliza. Hukuwahi kufungua daftari mbele yao. Ulichukua kisu ukamenya mihogo pamoja nao. Ulimenya vibaya, maganda manene kama unamenya ndizi, wakakucheka, na wakikucheka wanaongea. Jioni ndipo ulipokaa chini ya paa langu ukaandika.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa bibi Nshoma, aliyekatwa panga shambani kwake kwa sababu macho yalikuwa mekundu na ng'ombe wa mtu wamekufa. Ulinyanyua kichwa ukaniuliza kama kweli watu wazima wanaamini hivyo. Nikakuambia, Mama, huku hakuna miti, tunapikia mavi makavu ya ng'ombe, moshi machoni tangu utotoni. Niletee mwanamke mmoja wa umri wake mwenye macho meupe.

Lakini ilikuwepo safu ya mwisho kwenye daftari lako, na hiyo ndiyo iliyonitesa. Uliandika juu yake kwa herufi kubwa: NANI ALISIKIA. Nilikuuliza kwa nini usiandike nani aliua. Ukasema muuaji kila mtu anamjua, wala hakuna anayekuficha. "Nataka nijue nani alisikia, na baada ya kusikia alifanya nini." Ukanikumbusha kwamba sasa tunaishi kijiji kipya. Zamani kila mji ulikuwa peke yake na ng'ombe wake na ua wake wa minyaa, na mtu angeweza kusema sikusikia ukamwamini. Tulipohamishiwa huku nyumba zikapangwa kwa mistari, ukikohoa jirani anakupa pole.

Tena ukauliza juu ya yowe. Kwetu yowe ni sheria. Likipigwa kwa ajili ya mwizi wa ng'ombe, au fisi, au mamba, kila mwenye miguu anatoka mbio, na asiyetoka anakiona cha moto: hasalimiwi, hapewi kaa la moto, akifiwa anachimba kaburi mwenyewe, mpaka atoe ng'ombe aombe radhi. Ukataka kujua kama sheria hiyo ni kwa mwanamke anayepigwa pia. Nikacheka. Nikakuambia hayo ni mambo ya nyumbani kwa mtu. Hukucheka hata kidogo. Ukauliza, "Kwa hiyo ndama akilia wanakuja?" Nikasema ndiyo, ndama wanakuja.

Nafika sasa kwenye kosa langu. Unalijua, nilikuambia ukiwa hai, lakini wacha niliandike na kwenye barua, nisije nikajifanya mwema.

Ukurasa wa Mbuke tuliuandika kiangazi. Mbuke alikuwa mke wa jirani, mstari ule ule wa nyumba zetu, amezaa watoto wawili. Mumewe alisema ameanguka jiweni akiteka maji, wakamzika, mwanaume akahamia Geita. Tukaenda kwa wanawake watatu waliomwosha, mmoja wao mayu. Uliuliza kwa Kiswahili, mimi nikauliza kwa Kisukuma, wakanijibu, nikakujibu wewe. Wote watatu, nikakuambia, wanasema hawakusikia kitu. Ukaandika: hakuna.

Hawakusema hivyo. Walisema, "Tulisikia, mbona hata wewe Minza ulisikia." Na mayu aliongeza, "Si ulikuwa unatwanga?"

Ni kweli nilikuwa natwanga udaga wa mihogo, mchana kweupe, mume wangu yuko machungani. Nilisikia Mbuke analia. Kwanza alilia kama mtu anayepigwa, baadaye akaniita. Aliniita mimi kwa jina langu, Mama, kwa sababu kinu changu kilisikika na alijua nipo. Na mimi nilizidi kutwanga. Nilitwanga kwa nguvu udaga ambao ulikwisha kuwa unga, nikatwanga tu, mpaka kukawa kimya. Kisha nikachekecha, nikapika ugali, tukala.

Nilikaa na hilo siku nyingi. Nilikuwa natafsiri, nala senene zako za kukaanga, natania, na ndani nimeoza. Nilikuja kukuambia tukiwa kwako Mkuyuni, unatafuna buni zako za kahawa. Nilidhani utanifukuza. Ulitema ganda, ukasema, "Kalamu yangu imeandika uongo kwa mdomo wako. Kesho tunarudi." Halafu ukanipa buni moja, kama mnavyompa mgeni kwenu. Niliitafuna nikilia. Hata sikuipenda.

Tukarudi. Ulinikalisha mbele ya wale wanawake watatu, ukakataa kuuliza swali lolote, ukaniachia mimi. Nikawaambia kwamba niliyaficha maneno yao na kwamba mimi nilisikia na niliitwa kwa jina. Ukanikabidhi daftari, nikafuta lile "hakuna", nikaandika kwenye safu ya mwisho: Minza. Herufi ya a ikatoka kama o. Mayu alikuwa wa kwanza kusema niandike na yeye. Kisha Nkamba. Kisha yule wa tatu, ambaye alilia hadi akashindwa kutaja jina lake, nikaliandika bila kutajiwa.

Baada ya hapo kazi ilibadilika. Kila nyumba tuliyoingia nilianza kwa kusema la kwangu. Sikumuuliza mtu kabla sijajitaja. Na wanawake wakatutafuta wenyewe, wakaja na majina ya wafu na majina yao wenyewe, na ile safu ikajaa kurasa zote. Hakuna mwanamke hata mmoja katika daftari lile aliyekufa bila kusikika. Ulipoligundua hilo ulikaa kwenye kigoda ukashika kichwa, nikadhani umeugua. Ukasema hukujua kama ufurahi au ulie, kwa sababu kama walisikika, basi wanaweza kufikiwa.

Siku hiyo hiyo Holo alipita na ndoo kichwani na shavu limevimba. Ukamwangalia mpaka akapotea nyuma ya mkonge. Uliniambia kwamba mtu huyo hutaki kumwandika, hata kama ni lazima uje ulale mlangoni kwake. Ukatuma aitwe, ukamfunga mkono wake uliokuwa na ufa, ukamshauri arudi kwa baba yake. Holo akakuambia, "Mama, baba alikwisha pokea ng'ombe, na wamechinjwa kwenye harusi ya kaka." Masalu, mume wake, alikuwa mtu wa watu, mcheza ngoma hodari, anayesalimia wazee kwa kuchuchumaa. Ukimwona dukani unampenda.

Kisha presha ikakuangusha, na hii ya kwako ndiyo ilikuwa kuanguka kweli.

Nisikufiche, nilipokupoteza nilikaa kama mtu aliyemwagiwa maji. Nilichukua daftari nikalifunga kwenye kanga nikaliweka juu ya dari. Baadaye nikajikaza nikalipeleka mjini kwenye ofisi moja, nikavaa viatu kabisa. Bwana wa pale alilifungua, akauliza limepigwa mhuri na nani, akaniambia hizi ni habari za kisimani na serikali ina kazi. Nilitamani ungekuwepo umjibu. Mimi nilisema tu, "Asante mzee," nikarudi na viatu mkononi. Njia nzima nilikuwa nakuomba msamaha.

Akili ilinijia darasani. Darasa langu la kisomo lilikuwa linafunga, na siku ya kufunga wanafunzi husoma kwa sauti mbele ya kijiji kizima na mgeni rasmi, ili ionekane kwamba ujinga umefutwa. Kitabu chetu kilikuwa cha kilimo cha pamba. Wanawake wangu walikuwa wamekisoma hadi wamekikariri, wanaweza kukuambia nafasi kati ya mche na mche wakiwa usingizini. Siku moja Nkamba akafunga kitabu, akasema, "Mwalimu, hii pamba tumeishika. Hatuwezi kusoma lile daftari la mama Mhaya? Mle nimo mimi."

Mama, jioni hiyo hiyo nililitoa daftari.

Tukafanya mazoezi wiki sita. Kila mmoja alijifunza kusoma mstari wake, ule wenye jina lake, na jina la marehemu. Sikumlazimisha mtu. Wawili waliogopa wakabaki na pamba, na sikuwalaumu.

Siku ikafika. Wanaume wamekaa mbele kwenye viti vya shule, mgeni rasmi kutoka mjini yuko na suti ya kaunda, mwenyekiti wetu mzee Lushinge ana fimbo yake, ngoma zimepigwa. Nilikuwa nimevaa kile kitenge ulichonipa. Nikaita msomaji wa kwanza. Nkamba akasimama, akashika daftari mbali na uso kama wasomavyo wote walioanza ukubwani, akasoma, kidole kinafuata: "Mi-mi Nka-mba. Ni-li-si-ki-a Mbuke a-na-uawa. Si-ku-toka." Akapiga magoti kidogo kwa heshima, akakaa. Watu wakapiga makofi mawili matatu kwa mazoea, halafu mikono ikasimama hewani.

Akafuata mayu. Akafuata wa tatu. Wa nne akamsomea bibi Nshoma. Hapo mzee Lushinge akagonga fimbo chini: "Mwalimu! Hii ni dalasa au ni mahakama?" Nikasema ni darasa, mzee, na wanasoma vizuri. Mgeni rasmi, Mungu ambariki kwa kutojua majina hayo ni ya nani, akaitikia kwa kichwa akasema kweli wanasoma vizuri, waendelee. Mzee akabaki na fimbo yake.

Wa mwisho kwenye orodha alikuwa Ng'walu. Wewe hukumwandika, aliniomba nimwongeze ukiwa umekwisha fariki, nikamwongeza. Ng'walu ni mke wa mwenyekiti. Alisoma bila kukwama hata silabi moja, na nilijua amefanya mazoezi kuliko wote: "Mimi Ng'walu. Nilisikia Mbuke anauawa. Mume wangu alisikia pia. Aliniambia nifunge mlango, nikaufunga."

  Mzee Lushinge alimtazama mke wake, akautazama mkutano, akakaa chini, kofia mikononi. Nilimwonea huruma, nakuambia kweli. Alikaa hivyo mpaka mgeni rasmi akaanza kukohoa. Kisha akasimama akasema kwa Kisukuma, polepole, kwamba alichosoma mke wake ni kweli, na kwamba bado anakumbuka komeo la mlango ule lilikuwa jipya siku hiyo.

Wanaume walikaa kikao chao siku tatu. Walibishana hadi wakatukanana. Mwishowe mzee Lushinge akatangaza kisimani, mbele yetu wote, kwamba kuanzia sasa yowe la mwanamke ni sawa na yowe la ng'ombe: asiyetoka hasalimiwi. Ninajua ungekunja uso kusikia tumelinganishwa na ng'ombe. Mimi nilicheka hadi machozi. Hujui, Mama, kwa Msukuma hicho ni cheo.

Lakini maneno ya kisimani ni maneno, na mimi nilikuwa naamka kila siku nasikiliza upande wa Holo. Masalu alikuwa mkutanoni na alipiga makofi kuliko wote.

Sasa ndiyo jibu lako. Jumamosi, si hii iliyopita, ile ya kabla yake, saa za mchana, watu wengi wako mashambani wanachuma pamba. Nilikuwa uani naparua samaki, wale furu wadogo. Nikasikia kishindo, kisha nikasikia Holo. Mama, nitakuambia ukweli wote: nilikaa. Ni kidogo tu, muda wa kuparua samaki mmoja, lakini nilikaa, kisu kimeganda mkononi. Mwili ulikumbuka njia yake ya zamani. Kisha akaniita. Akasema, "Minza!"

Nilitupa kisu nikatoka nikapiga yowe. Sijawahi kupiga yowe maishani mwangu, na la kwanza lilitoka kama la kuku. La pili likatoka vizuri. Nilikimbia napiga, nikafika mlangoni kwa Masalu peke yangu, na nikaona yuko na mpini wa jembe, na Holo yuko chini kwenye majivu amejikunja juu ya tumbo lake la mimba. Masalu akaniambia niende nyumbani kwangu. Alisema kwa sauti ya upole kabisa, kama anaponisalimia dukani.  Nikabaki palepale napiga yowe usoni kwake kwa sababu sikujua kingine cha kufanya.

Na wakaja, Mama. Nilisikia kwanza vumbi, kama vumbi linasikika. Wakaja kutoka shambani na mifuko ya pamba bado shingoni. Wakaja wavuvi na makasia. Wanawake wa kwenye dagaa walikuja mikono imejaa magamba. Wengine walikuja na mikuki wakiuliza ng'ombe wamepita wapi, wakaambiwa si ng'ombe, ni Holo, na wakabaki. Mzee Lushinge alifika anahema, bila kofia. Mayu alifika wa mwisho kabisa, kwa magoti yake yale, kiatu kimoja mguuni, anagombana na kila mtu kwamba hawakumsubiri. Wakajaa uani hadi migongo ikabana ukuta. Masalu alitazama huku na huku akitafuta uso wa kucheka naye. Hakuupata. Mpini aliuweka chini mwenyewe.

Hakupigwa. Mzee Lushinge alikataa, akasema atafungwa kamba na kupelekwa kituoni akiwa mzima, asije naye akasemwa ameanguka. Wanne walimpeleka mjini siku ile ile, na kesi ipo. Waliokwenda kutoa ushahidi ni kumi na zaidi, na askari alipouliza nani alisikia, wakanyanyua mikono wote kwa pamoja mpaka akashindwa kuandika. Mayu anasema karatasi ziliisha. Mayu hakuwepo kituoni, lakini ndivyo anavyosema.

Holo ana ubavu mmoja uliovunjika na jicho linalofunguka polepole. Mimba haijatoka. Mkunga wa zahanati amesema inacheza, nami nimeweka mkono pale nikaisikia. Yuko kwake, kwenye nyumba ile ile. Kikao kimeamua kwamba atakayehama ni mwanaume. Holo mwenyewe ndiye aliyeomba kuingia darasa langu jipya, na ameshajua a, e, i, o, u, ila e anaipindua.

Kwa hiyo hili ndilo jibu ulilokuwa unanidai. Yuko hai. Nimelisema sasa na sidanganyi. Kifua kimefunguka na nimefurahi, Mama. Zipo siku nakukosa hadi nashindwa kula, hasa nikipita Mkuyuni nikaona mlango wako umefunguliwa na mtu mwingine, lakini leo si siku hiyo. Leo nimefurahi tu.

Ninakuahidi mambo mawili, na la kwanza nimekwisha lianza. Wiki ijayo nakwenda kijiji cha ng'ambo ya ghuba na daftari jipya, Nkamba akiwa pamoja nami kwa sababu anamenya mihogo vizuri kuliko nyinyi Wahaya nyote. La pili ni kwamba kila nitakapoingia nitajitaja kwanza, na sitasahau kusema na ule muda wa samaki mmoja. Nitausema hivyo hivyo ulivyokuwa.

Pumzika huko kwenu kati ya migomba. Usalimie Mbuke kama mnaonana. Mwambie najua hana sababu ya kuipokea salamu yangu, ila naituma.

Naacha hapa. Holo ananiita tangu saa ile, amepika ugali na samaki ningu, na anasema nikichelewa atamaliza kichwa chote. Sauti yake imekuwa kubwa siku hizi, nusu ya kijiji imegeuka. Ameita tena.

Kwaheri, Mama. Nakwenda.

Minza wako